Mchanga Nilioulowesha

Mwanangu Ndahani,

Salamu nazipita, kwa maana asubuhi umeniamkia mlangoni na nimekuitikia, na mpaka kesho bado tunalala chini ya dari moja. Habari za blanketi, za maji ya pwani na za kutokula vya watu usiowajua, mama yako amezisema tangu juzi na hajamaliza. Namsikia hata sasa anasaga uwele wa safari yako huku akiendelea kukuagiza, na wewe mwenyewe hupo, umekwenda kuaga kwa shangazi yako. Mimi sina la kuongeza huko. Nimekaa nyuma ya nyumba yetu ya tembe, kwenye kivuli cha ukuta, nimeweka ubao wako wa shule magotini na juu yake karatasi zote ulizobakiza.

Kwa mwandiko huu utaniwia radhi. Unaujua, maana ni wewe uliyenifundisha, mwaka ule nilipovunjika mguu nikawa wa kushinda nyumbani kama kuku anayeatamia. Ulikuwa unanichorea herufi mavumbini kwa kijiti, ukanicheka mpaka ukakaa chini siku nilipoandika jina langu kutoka nyuma kwenda mbele. Ulinifundisha kwa Kiswahili, basi kwa Kiswahili nitaandika. Na afadhali hivyo. Haya nikiyasema kwa Kigogo nitajisikia mwenyewe nikiyasema, na sidhani kama nitafika mwisho.

Nataka kukuambia habari ya Lungwa, baba yake Mazoya. Unaijua ile wanayoisimulia watu: Lungwa alifukiwa kisimani, mchanga ulimwangukia, na Chitema baba yako ndiye aliyemfukua kwa mikono yake. Hayo yote ni kweli. Ila kuna kipande kimekatwa hapo katikati, na aliyekikata ni mimi.

Kesho mnapanda gari la moshi, wewe na Mazoya, vijana wawili kutoka shule yetu. Huko Dar es Salaam mtafanya mtihani wa kazi ya simu, na Serikali inataka mmoja. Mmoja tu; mwingine atarudi hapa kijijini Nkuhungu kuchunga. Mwalimu alipolitangaza hilo nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na wazazi wengine, nikakuona unamgeukia Mazoya na kumtazama. Yale macho nayajua, Ndahani. Niliishi nayo usoni kwangu miaka mingi kabla hujazaliwa. Ndiyo sababu niliomba karatasi.

Mimi na Lungwa tulitahiriwa msimu mmoja, tukalala kambi moja mpaka tukapona. Kila nililofanya mimi, yeye alilifanya vizuri zaidi kwa kidogo. Si kwa kikubwa. Kingekuwa kikubwa ningekubali, nikapumzika. Kwa kidogo tu. Nikirusha rungu, lake linapita langu hatua mbili. Nikiruka ngomani, miguu yake inachelewa kurudi chini kuliko yangu. Nilijifunza zeze miezi minne kwa siri, huko machungani, wasikilizaji wangu ni ng'ombe wa babu yako. Siku nilipolitoa mbele ya watu, Lungwa alisikiliza wimbo wote, akasema vizuri sana, hebu nipe kidogo. Akaupiga wimbo uleule hapo hapo, kwa kuusikia mara moja. Wasichana wakasogea upande wake. Alipomaliza akanirudishia zeze langu, akanipiga begani, akaenda zake kula.

Watu wangedhani kilichoniuma ni kushindwa. Hapana. Kilichoniuma ni kwamba mwenzangu hakuwa anashindana. Hakuwa na habari. Alishinda na kusahau kabla hajafika kwao, nami nilikaa na jambo hilohilo mwaka mzima, nalila na kulicheua. Unapowania kitu, ukikikosa utatafuta kingine. Lakini ukishindana na mtu, hakuna kingine. Mtu ni yuleyule, kila ukiamka yupo, anakucheka na meno yote nje, anakuuliza umelalaje.

Basi, kisima.

Ulikuwa mdogo, unabebwa mgongoni, kwa hiyo utanivumilia nikueleze tulivyokuwa tukichimba kabla reli haijaleta matangi yake. Kiangazi mto wetu unabaki mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Unachimba. Lakini huchimbi kama shimo la panya. Unaanza na mdomo mpana, mpana kama zizi, na kadiri unavyoteremka unaacha ngazi za mchanga kuzunguka, watu wanasimama juu ya ngazi, mmoja chini ya mwingine, wanapokezana vikapu mpaka juu. Ukitaka kwenda chini mkono mmoja, lazima kwanza upanue mikono miwili pembeni. Ni kazi ya kuchosha na ya polepole, siku nne, siku tano, na huwezi kuiharakisha, kwa sababu mchanga haushikani wenyewe kwa wenyewe. Kila mtu hapa anayajua hayo tangu anapoota meno.

Na desturi ilikuwa hii: wa kwanza kuyafikia maji, kiangazi chote kisima kinaitwa kwa jina lake. Yeye ndiye anayepanga ng'ombe wa nani wanywe kabla ya wa nani, na wanawake wakipandisha maji wanaimba jina lake. Mwaka ule mvua ilikuwa imetudanganya, mto ukakauka mapema. Jumbe naye akaongeza lake: misafara ya Wajerumani ilikuwa inakuja kupita na kutaka maji, basi atakayeyafikia kwanza, watu wa nyumba yake hawatabebeshwa mizigo ya Serikali mpaka masika. Unajua mizigo ile ilikuwa nini. Mtu anaondolewa shambani na jembe mkononi, anatwikwa, anapelekwa Kilimatinde na mbele zaidi, na akikaa chini kupumzika anainuliwa kwa kiboko.

Ningeweza kukuandikia hapa kwamba niliogopa mizigo. Ungenielewa, na mtu yeyote angenielewa. Ila si kweli. Nilikwisha kupatana na mjomba wangu kwamba wakija kukamata watu nitakimbilia kwake, huko Mtera, kama walivyofanya wengi. Mizigo haikunihangaisha hata kidogo. Nilitaka jina langu liimbwe, na Lungwa awepo asikie.

Alichimba hatua kama thelathini kutoka kwangu, upande wa juu wa mto, yeye na ndugu zake, na mimi na wa kwangu. Siku ya tatu adhuhuri tulikuwa karibu sawa. Karibu, nasema, kwa maana ukiyatazama marundo ya mchanga ungeona la kwake limezidi. Kwa kidogo. Ndugu zangu walikuwa wamepanda kwenda kula, nimebaki peke yangu kule chini, mgongo unaniuma, na kila mara namsikia Lungwa anaimba ndani ya kisima chake. Alikuwa anaimba, Ndahani. Mimi natafuna mchanga na yeye anaimba.

Nilikuwa na kibuyu changu cha maji ya kunywa. Nikakifungua. Nikayamimina yote kwenye kikapu cha mchanga, nikauvuruga kwa mkono mpaka ukalowa vizuri, nikaupandisha mwenyewe ngazi kwa ngazi, nikaumwaga juu ya rundo, upande ule ambao Lungwa akiinua kichwa atauona. Maji ya kunywa, mwaka kama ule, na wewe uko nyumbani unalia kiu.

Nilidhani nini? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani pangu. Nilidhani atakata tamaa. Nilitaka kumwona, japo mara moja, anaweka jembe chini na uso wake unabadilika. Hicho tu. Nakuapia sikutaka zaidi ya hicho.

Alichomoza kichwa. Aliuona mchanga. Akaniita kwa sauti ya furaha, "Chitema, umefika?"

Nikamjibu, "Nimefika."

Hakukata tamaa. Akacheka, akawageukia ndugu zake, akawaambia na sisi tuko karibu basi, acheni kupanua, tushuke moja kwa moja. Kwa sababu maji ya chini ya mchanga yanalala sawasawa, hayana mlima wala bonde. Yakiwa kwangu yako kina hiki, na kwake yako kina hicho hicho. Hilo nalo kila mtu hapa analijua. Nami nililijua. Lakini saa ile, kwa ule uchu wa kumwona ameshindwa, sikulikumbuka, au sikutaka kulikumbuka, na hata leo siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Nilimsikia anatoa amri ile. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu lingetosha: nimekutania, rudi kwenye ngazi. Angenitukana kidogo, angecheka, na jioni angekuwa amesahau. Nilinyamaza kwa sababu ningeonekana mjinga mbele yake.

Lungwa alishuka mwenyewe. Hakumtuma ndugu yake mdogo, alishuka mwenyewe, akachimba shimo jembamba kama la nguzo, kwa sababu alidhani maji yako umbali wa mkono. Umbali ulikuwa mikono minne. Mchanga haukupiga kelele ulipoanguka. Tulisikia watu, hatukusikia mchanga.

Wanasema alikufa kwa tamaa ya kushinda. Umelisikia hilo, na Mazoya amelisikia tangu utotoni, kwamba baba yake alikuwa na haraka. Kijana amekua akimwonea baba yake aibu. Si kweli, Ndahani. Lungwa hakufa kwa kushindana nami. Alikufa kwa kuniamini.

Kumfukua tulimfukua, ndiyo. Nilikuwa wa kwanza kuruka. Lakini mtu aliyefukiwa huwezi kumfuata moja kwa moja, utafukiwa nawe; ilibidi tupanue kwanza, tuweke ngazi, yale yale, polepole, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia kelele watu wapanue vizuri, wasiwe na haraka. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka tulipoushika mkono wake. Kucha zangu zilitoka mbili. Watu waliona damu, wakasema huyo ndiye rafiki. Nililia sana, nao wakazidi kunisifu kwa kulia.

Mama yake Mazoya alikuwepo ukingoni, na Mazoya mgongoni. Wanawake wengine walijitupa chini. Yeye alisimama kando ya rundo langu la mchanga.

Siku mbili baadaye niliyafikia maji kwelikweli. Kikaitwa Kisima cha Chitema, na jina langu likaimbwa, asubuhi na jioni, kiangazi kizima. Unataka kujua ilikuwaje? Nilikuwa nikiwasikia wanaanza, natafuta kazi ya upande wa pili wa kijiji. Niliamuru ng'ombe wa mjane wanywe kabla ya wote, hata kabla ya wangu, watu wakasema Chitema ana moyo. Kila mwaka niliuezeka upya udongo wa dari ya tembe yake kabla ya kuezeka ya kwangu. Wema wote wa baba yako unaousikia hapa Nkuhungu umeanzia pale. Usinisifie tena mbele za watu.

Nilidhani angalau ile homa ya kushindana ilikufa pamoja na Lungwa. Miaka kadhaa ilikaa kimya. Kisha mkaanza shule, wewe na Mazoya. Siku za mwanzo mlikuwa mnakwenda pamoja, mnarudi pamoja, mnashirikiana hata kile kitabu kimoja cha kusomea, leo kinalala kwake, kesho kwetu. Jioni moja ulikuja unakimbia, unahema, ukaniambia baba, tumeiweza hesabu ambayo hata wakubwa imewashinda, mimi na Mazoya, tumeiweza pamoja. Ulikuwa unang'aa. Nami nikakuuliza nani alimaliza kwanza.

Nakumbuka uso wako. Ulikuwa kama mtu aliyeleta maziwa akaambiwa yamechacha. Ukasema, Mazoya, kwa kidogo. Mwanangu, lile neno "kwa kidogo" lilinichoma mahali pale pale palipokuwa pamelala miaka yote hiyo. Tangu siku ile sikukuuliza tena umejifunza nini. Nilikuuliza Mazoya alipata ngapi. Ukimpita, nilikukatia nyama yangu. Akikupita, nilikula bila kukutazama. Sikukupiga hata mara moja, na nilijiona baba mpole.

Mkaacha kurudi pamoja. Nililiona hilo, nikalifurahia.

Na sasa nitasema jambo ambalo unadhani silijui. Juma lile la kuchagua watakaokwenda pwani, ilikuwa zamu ya Mazoya kukaa na kitabu, nacho kikapotea. Alikuja hapa mlangoni kuuliza, akasimama na heshima zake zote, shikamoo baba, samahani, Ndahani hakukiacha hapa? Ulimwambia hujakiona. Kesho yake nilikuwa napandisha udongo darini, nikakiona, kimechomekwa kati ya miti ya dari, juu ya mahali unapolala. Nikakishika mkononi. Ningeweza kukuita. Ningeweza kukipeleka kwa kijana, hatua mia mbili tu. Nikakisukuma ndani zaidi, ambako hata mama yako akifagia dari hatakifikia.

Mazoya alichaguliwa hata hivyo, bila kitabu. Wewe pia. Na mimi niliposikia majina yote mawili sikufurahi kwa ajili yako. Nilikasirika kwa ajili yake. Ndipo nikatambua kwamba nimemzaa mtu mzuri, halafu nikakaa naye miaka yote hii nikimfinyanga afanane na mimi. Kitabu kile ulikificha wewe, lakini mkono ulikuwa wangu. Nisamehe kama utaweza. Usiponisamehe pia nitakuelewa.

Nimeandika mpaka hapo, nikasimama. Nimeona naandika kwa mtu wa pili, na anayestahili kuyasikia kwanza yuko hatua mia mbili kutoka hapa na hajui kusoma. Nimeweka jiwe juu ya karatasi, nimekwenda.

Nimerudi sasa. Jua bado lipo, mama yako ameniuliza nilikuwa wapi, nimemwambia nilikuwa matembezini. Kesho mkishaondoka nitamwambia na yeye.

Nilimkuta mama yake Mazoya anaifua kanzu ya mwanawe ya safari. Alinipa kigoda, akaendelea kufua. Tulisalimiana, tukaulizana ng'ombe, tukaulizana mgongo wangu. Kisha nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, sikuruka kitu, kibuyu, kikapu, neno nililomjibu mume wake. Nilimwambia huku natazama maji ya beseni. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa imetulia ndani ya maji.

"Nilijua," akasema.

Sikuamini kama nimesikia vizuri. Akaniambia kwamba mchanga wa maji wa mto ule ni mweusi, unanuka tope, hata mtoto anaujua kwa pua. Siku ile alisimama kando ya rundo langu kwa sababu aliuona mchanga mweupe umelowa. Akauchota, akaunusa. Haukuwa na harufu yoyote. Alijua kabla hatujaushika mkono wa Lungwa.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Miaka yote ile kabla ya reli, kila asubuhi alikuja na mtungi, akabisha hodi kwa mama yako, akaniamkia, akaenda kuteka, akasema ahsante. Kwa nini?

Akanitazama. Akasema, "Ningesema, kisha ningenywa wapi?"

Ndugu za mumewe waliondoka mwezi uleule kwa hofu ya mizigo, aliniambia, akabaki na mtoto mgongoni na ng'ombe sita, na kisima cha upande huu ni kimoja, na mwenye kisima ni mimi na ndugu zangu wanne wenye fimbo. Alinyamaza ili mwanawe anywe. Baadaye reli ikaja na maji yake, angeweza kusema, lakini akawaona wewe na Mazoya mnapendana, mnakula sahani moja, akasema moyoni basi, labda ndiyo malipo. Halafu mkaacha kupendana. Aliniuliza kama hilo nalo ni kazi yangu. Nikamwambia ndiyo, ni yangu.

Nilipiga magoti, nikaanza kumshukuru kwa kunisamehe. Akanikatiza. "Sikukusamehe, Chitema. Nilinyamaza. Usiyachanganye."

Mwanangu, nimepigwa na mengi katika maisha haya, na kiboko cha Serikali nakijua. Hakuna kilichoniingia hivyo.

Kisha akasema anachotaka. Mazoya lazima aambiwe baba yake alikufaje, aache kumwonea aibu. Lakini si leo, na si kwa mdomo wangu, wala si kwa wake. Anataka umwambie wewe, kwa sababu mimi atanichukia tu na itaishia hapo, ila wewe na yeye mtabaki kuwa watu wa kijiji kimoja, na anataka Mazoya ajue kwamba wewe hukujua. Umwambie siku majibu ya mtihani yatakapotoka, mbali na watu, awe amepata au amekosa. Si kabla. "Akiambiwa kabla," alisema, "mkono utamtetemeka." Baada ya hapo akarudi kwenye kanzu yake, nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Nimekubali. Ningekataaje? Lakini nilipokuwa njiani kurudi, kabla sijalifikia zizi letu, miguu ilinisimama yenyewe, kwa maana nilielewa nimekubali nini.

Siku nyingi zitapita kati ya kesho na majibu. Mtakaa benchi moja garini, mtalala chumba kimoja huko pwani, mtaingia mlango mmoja wa mtihani. Yeye hatajua, wewe utajua. Neno moja tu, na mkono wake utatetemeka, na kazi itakuwa yako. Na neno lenyewe si uongo kama langu. Ni kweli tupu. Utaweza kujiambia kwamba ana haki ya kujua, na haki anayo. Kwamba huwezi kukaa na siri nzito hivyo, na ni nzito kweli. Kwamba baba amekiri na wewe huwezi kuficha. Hakuna mtu atakayekulaumu, hata mwalimu, hata mchungaji. Atakayejua umelisema kwa ajili gani ni wewe peke yako. Nilifikiri nakuondolea mzigo wangu usikufuate safarini, kumbe nimekutia mkononi kitu kibaya kuliko kile nilichokishika mimi siku ile. Nilifikiri pia kuifunga barua, nikuambie usiifungue mpaka majibu yatoke. Halafu nikacheka peke yangu, maana nakujua. Ungeifungua kabla mama yako hajamaliza kupunga mkono.

Sikuambii umwachie kazi. Nikikuambia hivyo nitakuwa namtukana yeye, na mama yake angenitemea mate. Andika kadiri ya nguvu zako zote, naye aandike kwa zake. Ukiipata nitafurahi, sitajifanya mtakatifu. Ukikosa, urudi nyumbani, ng'ombe wapo na mimi nipo.

Nakupenda, Ndahani, na nakuogopea. Nakuogopea kwa sababu nakujua, na nakujua kwa sababu ni mimi niliyekulea.

Barua hii nitakupa kesho stesheni, mbele za watu wote, na Mazoya atakuwa amesimama hapo hapo na kanzu yake safi. Atadhani ni baraka za mzazi. Ni kijana mwepesi wa kuuliza, kama baba yake. Gari likishaondoka atakuuliza baba yako amekuandikia nini. Sijui utamjibu nini. Mimi, kwa jinsi nilivyokuwa siku zile, kabla hatujafika stesheni ya Kikombo ningekuwa nimeshamwambia yote, na ningejiita mkweli.

Baba yako,
Chitema